Picha Ambayo Sikuionyesha

Wale mliokuwa ibada ya pili Jumapili ile ya mwezi wa tatu mtakumbuka mahubiri ya mbegu ndani ya theluji. Mlipiga makofi sana. Wengine mlisimama. Kuna mama alinitumia ujumbe jioni hiyo akisema ameandika hoja zote na kuzibandika jikoni. Leo nataka kurudi kwa hayo mahubiri, si kwa kuyarudia bali kwa kuyarekebisha, kwa sababu kuna nusu ya habari niliyoiacha, na aliyeigundua ni kijana anayeketi nyuma kabisa kwa mitambo ya sauti.

Kwa ambao hamkuwepo, mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa pili nilienda Minnesota, kule kaskazini mwa Marekani, kumtembelea dada yangu mkubwa. Wakenya ni wengi huko, hata chapati utapata. Dada anafanya kazi ya kutunza wazee zamu ya usiku, na mchana akiamka yeye ni mtu wa maua. Nilifika na jaketi yangu ya Nairobi nikidhani nimejiandaa. Usiku wa pili kipimajoto kilionyesha nyuzi 24 chini ya sufuri. Mtu akivuta pumzi anasikia pua ikiganda kwa ndani. Nilimuuliza dada, mlikubali aje kuishi hapa? Akaniambia nifunge mlango.

Asubuhi nikachungulia nyuma ya nyumba. Kwenye theluji kulikuwa na vichwa vya mitungi ya plastiki vimechomoza, ile mitungi yao mikubwa ya maziwa ya karibu lita 4. Nikahesabu kama ishirini. Nikafikiri ni takataka ambazo gari la kuzoa halijapitia. Dada akacheka mpaka akashika meza. "Hiyo ni bustani yangu," akasema.

Kumbe ndivyo wanavyofanya. Unachukua mtungi ambao mwanga unapita, unautoboa matundu chini ili maji yatoke, unaukata katikati na kuacha kipande kidogo kiwe kama bawaba. Unaweka udongo wenye unyevu, kina cha kama vidole vinne, unapanda mbegu, unafunga pale ulipokata kwa gundi ya utepe. Kifuniko cha juu unakitupa, ili theluji na mvua vipate mahali pa kuingilia. Kisha, katikati ya mwezi wa kwanza, wakati mtu mwenye akili yuko chini ya blanketi, unaubeba nje na kuuacha hapo. Mama mmoja wa New York anayeitwa Trudi Davidoff ndiye aliyeueneza sana mtindo huu, na sasa watu wengi wa nchi za baridi wanaufuata.

Mimi nilisomea biashara, si kilimo, kwa hivyo swali langu lilikuwa la gharama: mbona uzike pakiti ya dola tatu kwenye barafu? Dada akanieleza kuhusu ua moja la kwao huko, la jamii ya Asclepias, ambalo ukilivunja shina linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Kuna vipepeo wakubwa wa rangi ya machungwa na mistari myeusi ambao viwavi wao hawali kitu kingine isipokuwa majani ya mimea ya jamii hiyo. Basi mbegu ya ua hilo hukomaa na kuanguka kabla ya baridi kuanza, kukiwa bado kuna siku chache za joto. Kama ingeota hapo hapo, mche mchanga ungekutana na theluji ya mwezi wa kumi na moja na kufa. Kwa hivyo mbegu imewekewa kufuli ndani yake. Kuna homoni inayoizuia kuota, na baridi yenye unyevu ndiyo inayoipunguza kidogo kidogo, huku homoni nyingine ya kuamsha ukuaji ikipata nguvu. Inachukua mwezi mmoja, hata miwili. Na si baridi pekee. Ukiacha pakiti kavu kwa friji miezi sita, kufuli bado iko. Lazima baridi na maji viwe pamoja. Ukiipanda mbegu hiyo kwenye chumba chenye joto zuri bila kuipitisha huko, nyingi hukaa tu. Utamwagilia mpaka uchoke.

Mhubiri yeyote anayesoma hapa anajua nilivyojisikia. Niliona mahubiri yakishuka na ndege. Nikapiga picha za mitungi kutoka kila upande, na niliporudi nikazipanga kwenye skrini. Nikawaambia Mungu hajakusahau, amekufukia. Nikawaambia usilie ufunguliwe mtungi kabla ya wakati. Nikawaambia kuna kufuli ndani yako ambayo joto haliwezi kuifungua, ni baridi tu. Na mkaitika amina, na mimi nikazidi.

Baada ya ibada nilikuwa nakunywa maji pale mbele. Kijana wa mitambo alikuwa anakunja waya, yule anayekuja kila Jumamosi saa nane kupanga spika na kuondoka wa mwisho Jumapili. Yeye ndiye aliyekuwa akibadilisha zile picha kwenye skrini, kwa hivyo alikuwa ameona kila kitu kilichokuwa kwenye flashi yangu. Akaniuliza bila hata kuniangalia, "Pasta, kuna picha moja hukuniambia niweke. Ile iko na taa nyeupe. Ni ya nini?"

Nikamwambia, "Hiyo ni ghorofa ya chini kwa dada. Ni maua mengine."

"Hayo hayapelekwi nje?"

"Hapana. Hayo yakienda nje yanakufa."

"Aah," akasema. Akaendelea kukunja waya.

Nimekaa na hiyo "aah" wiki nyingi sasa. Wacha niwaeleze hiyo picha, kwa sababu mlistahili kuiona.

Nyumba nyingi za kule zina ghorofa iliyo chini ya ardhi. Dada ameweka rafu ya chuma huko, na juu ya kila ngazi ya rafu kuna taa ndefu nyeupe, imeshushwa mpaka inakaribia kugusa miche. Zinawaka saa 16 kwa siku, na kuna kifaa cha saa kinachoziwasha na kuzizima chenyewe. Chini ya trei kuna mikeka ya umeme inayopasha udongo mpaka kama nyuzi 22. Hapo ndipo palikuwa na petunia, na bigonia ambazo mbegu zake ni laini kama vumbi, mtu akipiga chafya amemaliza bustani. Hizi hukua polepole mno. Sakitu ya mwisho kule Minneapolis inaweza kuja mwishoni mwa mwezi wa nne au hata katikati ya mwezi wa tano, kwa hivyo ukingoja mpaka nje pawe salama ndipo upande, msimu utaisha kabla ya ua la kwanza. Lazima uzianze ndani, katikati ya baridi, kwa gharama yako. Nilimuuliza dada bili ya umeme inakuwa ngapi. Akaniambia nisimletee maswali ya umeme kabla hajanywa chai.

Kwenye trei ya mwisho kulikuwa na ua ambalo Wamarekani wanalipenda sana kwa kivuli cha mbele ya nyumba, linaitwa Impatiens walleriana. Asili yake ni misitu ya huku kwetu, Afrika Mashariki, kuanzia Kenya kwenda mpaka Msumbiji. Mbegu yake inataka joto na inataka mwanga hata ya kuota tu. Sakitu moja, moja tu, na shina lake linalainika kama mboga iliyochemshwa. Dada alikuwa ameweka trei hiyo karibu kabisa na mtambo wa kupasha nyumba. Akaniambia, "Huyu ni mtu wa nyumbani. Nitamtupaje huko nje?"

Sasa mnaona nilichofanya. Niliingia nyumba moja, nikaona bustani mbili za mtu mmoja. Moja nje kwenye barafu, moja ndani chini ya taa. Mwenye bustani hakuona mgongano wowote kati ya hizo mbili. Mimi nikachukua ile ya nje nikaileta madhabahuni, na ile ya ndani nikaiacha kwenye flashi. Mbona? Nikijibu kwa ukweli, ni kwa sababu ile ya nje ilikuwa na mahubiri na ile ya ndani ilikuwa na bili.

Na kuna mambo mabaya zaidi ya hayo. Huyu kijana alimaliza masomo ya ufundi wa umeme miaka miwili iliyopita. Chuo kimezuia cheti chake kwa sababu ya salio la karo, shilingi 41,500. Bila cheti haandikwi kazi, na bila kazi hawezi kulipa salio. Wengi wenu mna mtoto au jirani katika kisiki hicho hicho. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana alileta barua kwa kamati yetu ya ustawi. Mimi ndiye katibu. Niliisoma kwa kama dakika mbili, nikamwita kando nikamwambia aendelee kungoja, kuna kitu Mungu anakifanya ndani yake. Nilimwekea mkono begani hata. Mwezi uliofuata tukanunua spika mpya. Yeye ndiye aliyezifunga.

Sisemi spika ni dhambi. Nasema lile neno langu la kungoja liliniokolea shilingi 41,500, na sikuwa nimelichunguza kabla ya kulitoa. Nilijua mengi kuhusu kungoja, na kumhusu yeye sikujua hata kozi aliyosomea. Barua ilisema, lakini mimi nilisoma ile tarakimu ya chini.

Swali ambalo nimekuwa nikilibeba ni hili: ni nani ana haki ya kumwambia mwingine kwamba baridi anayopitia ni ya faida kwake? Si swali la kama mateso yana faida au hayana. Hapo kila mtu ana ushuhuda wake. Swali ni la anayesema, na anasema akiwa amesimama wapi.

Wale waliokulia Kinangop au Molo wanaweza kuliona hili bila kwenda Marekani. Nyanya yangu alikuwa na pareto. Pareto haichanui bila baridi. Inahitaji siku kadhaa mfululizo za ubaridi ndipo itengeneze vichipukizi vya maua, ndiyo maana hailimwi Mombasa. Ukiipanda huko chini kwenye joto itakupa majani mazuri ya kupendeza na hakuna kitu cha kupeleka sokoni. Lakini nyanya alikuwa na viazi pia, hatua ishirini kutoka kwa pareto. Asubuhi moja ya sakitu tuliamka shamba likiwa jeupe, na kufikia saa tano majani ya viazi yalikuwa yamekuwa meusi kama yamepitiwa na moto. Shamba moja, baridi ile ile. Sikumbuki nyanya akiviambia viazi viangalie vile pareto inavumilia. Alichukua jembe akaanza kuhesabu hasara.

Na kuna historia ya kutisha inayoonyesha mambo haya yanaweza kufika wapi. Wanasayansi walikuwa wamejua zamani kwamba nafaka zinazopandwa kabla ya majira ya baridi zinahitaji baridi ili zichanue baadaye. Huo ni ukweli, na bado ni ukweli. Mwishoni mwa miaka ya 1920, katika Umoja wa Kisovieti, akatokea mtu anayeitwa Trofim Lysenko akauchukua ukweli huo mdogo akaufanya fundisho la kila kitu: kwamba kwa kulowesha mbegu na kuzipitisha kwenye baridi unaweza kuifundisha mimea kuwa kile unachotaka, na mavuno yaongezeke. Wakubwa wa serikali walimpenda kwa sababu ahadi zake zilikuwa nafuu na za haraka. Waliosema hapana, kila mbegu ina urithi wake, walinyamazishwa. Nikolai Vavilov, mtaalamu aliyezunguka dunia akikusanya mbegu za vyakula, alikamatwa mwaka 1940 na akafia gerezani mwaka 1943. Sijilinganishi na Lysenko, wapendwa, wala sijamfunga mtu. Lakini niliposoma habari hiyo nilishtuka, kwa sababu makosa yake hayakuanza na uongo. Yalianza na kitu cha kweli kuhusu baridi.

Niliporudi kufikiria vile dada anafanya, niliona kwamba hata zile mbegu za nje hazijaachwa hivi hivi. Hili pia sikuwaambia. Usiku ule wa nyuzi 24 chini ya sufuri, mbegu haikuwa kwenye nyuzi 24 hizo. Theluji ni kama blanketi. Chini ya theluji nene udongo hukaa karibu na nyuzi sufuri tu, hata kama juu upepo unakata masikio. Dada akiona upepo umepeperusha theluji kutoka kwa mitungi, anavaa viatu vikubwa anatoka na beleshi anairudisha. Mara mbili nilimwona akifanya hivyo baada ya zamu ya usiku, macho yamevimba kwa usingizi. Na jua la mwezi wa nne likianza kuwaka, anatoka kuifungua mitungi saa nne asubuhi, kwa sababu ikifungwa siku ya jua miche inaiva humo ndani kama mahindi kwenye sufuria. Jioni anaifunga tena. Kila mtungi una jina limeandikwa kwa kalamu isiyofutika, na kwenye daftari lake kuna tarehe. Baridi ile ina mwisho unaojulikana. Kuna mtu anayeihesabu.

Kwa hivyo kabla dada hajasema "hii inahitaji baridi," ameijua mbegu, ameiandalia mahali, na amejifunga yeye mwenyewe kurudi. Mimi nilisema maneno yale yale bila hata moja kati ya hayo. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema kitu, na kila nikisoma habari hiyo naona hizo ndizo siku walizofanya kazi nzuri. Mambo yaliharibika walipoanza kueleza.

Najua kuna mzee anasoma hapa akisema, pasta, sasa unataka tulee vijana wa chini ya taa. Tukianza kulipia kila mtu, nani atajifunza kusimama? Namheshimu mzee huyo, na hoja yake ni ya kweli kiasi. Hata kwenye biashara tulifundishwa kwamba mtu asiyewahi kubeba hasara yake mwenyewe huzoea kuwa mzembe. Na hata ile rafu ya dada inathibitisha maneno yake kwa upande mmoja. Miche ikipata joto jingi na mwanga kidogo hurefuka, inakuwa myembamba kama uzi, na kuanguka. Na ile iliyokulia ndani, hata ikiwa na afya, ukiitoa nje siku moja moja kwa moja, jua na upepo vinaiunguza. Lazima izoeshwe: leo saa moja kivulini, kesho saa mbili, mpaka wiki moja au siku kumi zipite. Dada pia huipitishia kiganja cha mkono juu kila asubuhi, polepole, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto. Nikadhani ni mapenzi tu. Akanieleza kwamba mche unaosukumwasukumwa hivyo hutengeneza shina nene na imara kuliko ule ambao haujaguswa.

Basi ndiyo, mzee, kuna ugumu unaojenga hata ule mche wa ndani. Lakini angalia unatoka wapi. Unatoka kwa mkono wa mtu aliye karibu vya kutosha kuugusa. Ule wa kijana wetu ulikuwa ni ofisi ya chuo na barua isiyojibiwa. Na kwani nani alisema hajajifunza kusimama? Miaka miwili anafanya kazi bila malipo na hajawahi kuchelewa. Sisi tulikuwa tunamfundisha uvumilivu ambao alikuwa nao kutuliko.

Niseme na langu, maana huwa nalisimulia sana. Mmesikia ushuhuda wangu wa vile nilimaliza chuo kikuu nikatembea na bahasha mjini miezi kumi na tisa bila kazi, na vile muda huo ulinifunza kuomba. Ni kweli, ulinifunza. Kitu ambacho sijawahi kukitaja hapo mbele ni kwamba miezi yote hiyo mjomba alikuwa akilipa kodi ya chumba changu, na kila Jumatatu alinitumia nauli bila kuniuliza nimeomba kazi wapi. Sikumficha kwa makusudi. Yeye tu hakuwa anaingia vizuri kwenye ule ushuhuda. Nilikuwa nje kwenye baridi kweli, lakini kuna mtu alikuwa akirudisha theluji kwa beleshi, na mimi nikawaeleza habari ya baridi pekee. Nadhani shuhuda nyingi za kwetu zina mjomba aliyekatwa kwenye picha. Na anayezisikia akiwa hana mjomba anaenda nyumbani akidhani imani yake ndiyo ina kasoro.

Shida kubwa ni kwamba watu hawaji na pakiti. Mbegu za dada zimeandikwa nyuma: hii panda ndani wiki 10 kabla ya sakitu ya mwisho, hii iache nje. Mtu hajaandikwa mgongoni. Kuna mmoja hapa kanisani ambaye ukimkimbilia na msaada mapema utamharibia kitu anachokijenga, na kuna mwingine ambaye mwezi mmoja zaidi unamvunja, na wote wawili wamevaa suti na kusema "nimebarikiwa" ukiwasalimia mlangoni. Sina njia ya mkato ya kuwatofautisha. Njia ninayoijua ni kuuliza, na kuketi mpaka jibu la pili lije, kwa sababu la kwanza huwa ni "niko sawa, pasta." Inachukua muda, na mimi ni mtu wa kupenda ratiba.

Nilimtafuta Jumamosi iliyofuata. Nilikuja saa nane akiwa bado anapanga, nikamsaidia kubeba, ingawa alinipokonya vitu viwili akisema navishika vibaya. Nikamwomba msamaha kuhusu ile barua. Hakusema sana. Alisema tu kwamba siku ile alipotoka ofisini kwangu alijaribu kweli kuamini nilichomwambia, na alijaribu miezi kadhaa. Hilo lilinichoma kuliko kama angekasirika.

Kamati ilikaa Alhamisi. Kulikuwa na maneno, na mzee mmoja aliuliza kwa haki tutafanya nini wakija wengine kumi. Nilimjibu kwamba tutakaa na hao kumi mmoja mmoja, na kuna ambao hatutaweza, na hao tutawaambia kwamba hatuna pesa. Hatutawaambia kwamba Mungu anawafukia. Tulikubaliana kutoa nusu, na watu watatu kwenye kamati wakaahidi salio kutoka mifukoni mwao, mimi nikiwa mmoja wao. Barua na malipo ya kwanza vimepelekwa chuoni. Nikiandika haya, cheti bado hakijatoka.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimfungulia ile picha kwenye simu nikamweleza yote niliyowaeleza hapa, petunia na bigonia na lile ua la misitu ya kwetu. Alisikiliza. Kisha akaichukua simu, akaivuta picha kwa vidole mpaka pale chini ya rafu, mahali ambapo mimi sikuwahi kuangalia, penye waya. Akaniuliza hiyo mikeka ya kupasha iko mingapi. Nikamwambia minne, na taa sita. "Zote ziko kwa ekstensheni moja," akasema. "Na hiyo ingine imechomekwa juu yake. Mwambie dadako agawanye mzigo, hiyo siku moja itashika moto."

Nilimpigia dada jioni ile. Alienda kuangalia nikiwa bado kwa simu, akaniambia plagi ni ya moto kabisa. Ameshabadilisha.